Nanga Ikikataa Kushika Katika Maji Mafupi

(Mazungumzo yaliyotolewa na mfanyakazi wa huduma za jamii kwa vikundi vya kujisaidia vya wavuvi na mama karanga, katika semina ya siku moja huko Pwani. Tunayachapisha kwa sababu vikundi kadhaa viliomba nakala.)

Nimeombwa nizungumze juu ya utunzaji wa mali ya kikundi, na naona wengine wenu mmekuja na kalamu mkitarajia mambo ya risiti na akaunti ya benki. Hayo tutayagusa mwishoni, kidogo tu. Leo nataka tuzungumze juu ya kitu kimoja ambacho katika rejista za vikundi vingi sikioni. Mashua imeandikwa. Mashine imeandikwa na namba yake. Nyavu zimeandikwa. Nanga haimo, na kamba yake ndiyo kabisa.

Mimi si mvuvi. Nilisomea diploma ya kazi za jamii, na huko chuoni hakuna aliyetufundisha kutia nanga. Ninayosema hapa nimeyapata kwa manahodha, na wengine wao wamekaa hapa mbele, na pia kwa kukaa katika mikutano mingi ya vikundi baada ya chombo kuharibika. Mzee akiona kuna neno la kuongeza, anyooshe mkono tu.

Kwa nini nasema maji mafupi? Kwa sababu huko ndiko mtu anakolegea. Mvuvi akiwa nje ya mwamba, kwenye maji mengi, anakuwa macho, anajua yuko baharini. Akirudi ndani ya mwamba, mahali maji yanamfika kifuani na mchanga unaonekana chini, anajiona amefika nyumbani. Anatupa nanga, anafunga kamba fundo moja, anajilaza au anakwenda zake mjini. Na mwamba uko palepale nyuma yake.

Kuna kikundi kimoja, sitakitaja, kilichonunua mashua kwa michango ya wanachama na mkopo. Katika wanachama hao kulikuwa na akina mama wanaokaanga samaki, ambao waliweka akiba zao shilingi kwa shilingi ili wawe na chombo chao, wasiwe tena wa kungoja tajiri awauzie kwa bei anayotaka. Miezi ya kusi ilipokuwa imekolea, usiku wa mbalamwezi, mashua ilitiwa nanga karibu na ufuo na kijana mmoja akaachwa kuilinda. Alfajiri ilikutwa juu ya mawe, mbao mbili zimepasuka.

Mkutano uliitwa na mimi nikaalikwa. Ndugu zangu, ule mkutano ulichukua saa mbili kabla mtu yeyote hajauliza swali la maana. Wengine walitaka kijana alipe. Wengine walisema fundi wa kuchomelea aliwauzia nanga mbovu. Mmoja alinong'ona kwamba kuna mkono wa mtu. Ndipo mzee mmoja aliyekuwa kimya muda wote akauliza, "Hiyo nanga iko wapi?"

Ikaletwa. Makucha yake manne yalikuwa yamenyooka vizuri, hakuna lililopinda. Kamba ilikuwa nzima, na fundo lilikuwa bado limefungwa. Mzee akaipima kamba kwa mikono yake, akapata pima sita, yaani karibu mita 11. Kisha akamwuliza kijana, "Mlitia nanga saa ngapi?" Kijana akajibu, "Saa nne usiku, mzee." Basi mzee akasema hakuna haja ya kuendelea kuulizana.

Hesabu yake ni hii, na naomba muiandike. Nyinyi mnajua kwamba wakati wa bamvua, mwezi unapokuwa mpevu au unapoandama, maji ya pwani yetu hupwa kabisa kati ya saa nne na saa tano, mchana na usiku, na hujaa kabisa kati ya saa kumi na saa kumi na moja, jioni na alfajiri. Tofauti ya kupwa na kujaa wakati huo inafika mita 3, na siku nyingine inakaribia 4. Saa nne usiku mashua ilikuwa kwenye maji ya mita moja na nusu. Ongeza nusu mita, kimo cha omo juu ya maji, pale kamba inapofungwa. Jumla mita 2. Kamba ya mita 11 ni zaidi ya mara tano ya hapo. Hakuna nahodha angeilaumu. Lakini saa kumi alfajiri maji yalikuwa yamepanda mita 3. Sasa kutoka omo hadi chini ni mita 5, na kamba ni ileile. Imekuwa mara mbili na kidogo tu. Nanga iliyokuwa ikivutwa kwa ubavu ikaanza kuvutwa kwenda juu, na upepo wa kusi ukamalizia kazi.

Kijana alikuwa amelala, hilo ni kweli na aliambiwa. Lakini ile kamba ingekuwa fupi hata kama angekesha.

Kwa wale ambao hawajawahi kutia nanga, na najua mpo, hasa akina mama na waweka hazina, tazameni jembe hili nililokuja nalo. Nimelifunga kamba hapa kwenye ncha ya mpini. Nikiliweka chini na kuivuta kamba nikiwa nimeinama, mkono wangu karibu na ardhi, jembe linazama, linakataa kuja. Sasa nasimama wima, navuta ileile kamba kwa nguvu ileile. Mmeona? Limeng'oka. Jembe ni lilelile na udongo ni uleule. Kilichobadilika ni kamba inatoka upande gani. Nanga hushika kwa kuvutwa ikiwa imelala, na ndiyo maana kamba lazima iwe ndefu.

Kipimo ambacho manahodha wengi wanakubaliana nacho ni mara tano ya kina, na penye upepo mkali mara saba. Lakini kina gani? Si kile unachokiona ukitupa nanga. Ni kina cha maji yakiwa yamejaa, ukiongeza kimo cha omo. Kwa mashua ile ilitakiwa mita 25, yaani pima 14 hivi. Walikuwa na sita. Wakati wa maji mafu, mwezi ukiwa nusu, tofauti inaweza kuwa kama mita moja tu, na kamba fupi inaponea. Hapo ndipo watu hudanganyika. Kamba inashika wiki hii, wiki ijayo bamvua linaingia, kamba ni ileile, mahali ni palepale, nanga inang'oka, na watu wanaanza kutafuta mchawi.

Sasa mtu atasema, mama, nikitoa mita 25 za kamba pale bandarini kwetu penye vyombo ishirini, maji yakipwa mashua yangu itazunguka na kugonga za wenzangu. Ni kweli kabisa. Kamba ndefu inataka nafasi. Kama nafasi hakuna, kuna njia tatu. Moja ni kuweka mnyororo wa mita mbili au tatu kati ya nanga na kamba, ili uzito wake ulaze kamba chini. Kama mnyororo ni ghali, funga jiwe zito kwenye kamba, mita mbili tatu kutoka kwenye nanga. Ya pili ni kutia nanga mbili. Ya tatu ni kuhama hapo, na wakati wa kusi mara nyingi hiyo ndiyo bora, hata kama mtatembea kidogo zaidi na matenga ya samaki.

NANGA INALETA HABARI

Nataka nikae hapa kidogo, kwa maana hapa ndipo vikundi vingi hupoteza ushahidi. Chombo kikiburura nanga, jambo la kwanza watu wanalofanya ni kuvuta nanga, kuisuuza na kuitupa chomboni. Msiisuuze. Itazameni kwanza, kwa sababu inakuja na habari kutoka chini.

Ikija na makucha safi yanayong'aa, kama yamepigwa msasa, basi haikuzama kabisa. Ilikuwa ikiteleza juu ya mwamba bapa au mchanga mgumu. Ikija na tope limeganda hadi kwenye shina, ilizama vizuri kisha ikavutwa juu, kwa hiyo uliza habari ya kamba na maji kujaa. Ikija na furushi la majani ya bahari kama mzigo wa kuni, ilikuwa imejaa majani ikateleza juu yake. Nanga yenye mzigo namna hiyo haitashika hata ukiitupa mara kumi, mpaka uitoe, uisafishe, utafute mahali peupe penye mchanga.

Ikija na kamba imejizungusha kwenye kucha moja, hapo maji yaligeuka. Haya hutokea sana kwenye hori na mito ya bahari kama Kilifi na Mtwapa, ambako maji yanaingia kwa saa sita na kutoka kwa saa sita. Chombo kinageuka, kinapita juu ya nanga yake, kamba inalala upande wa pili na kunasa kwenye kucha lililosimama. Mkondo ukikaza, nanga inavutwa kwa makucha badala ya shina, inang'oka. Dawa yake ni nanga mbili, moja upande wa maji yanakotoka na nyingine upande yanakokwenda, au mtu awepo maji yanapogeuka aivute na kuitia upya.

Na kama nanga haikuja kabisa, imebaki chini, itazameni ncha ya kamba. Ncha iliyochanuka kama ufagio imelika kwa kusuguana na jiwe au na ubao wa omo. Ncha iliyokatika sawasawa imekatwa na kisu, au na propela ya chombo kingine. Ncha ambayo ni nzima lakini imejikunja kunja ina maana fundo lilifunguka. Hayo ni mambo matatu tofauti, na kila moja lina mtu wake wa kuulizwa. Nimeona kikundi kikigombana wiki nzima kama nanga iliibiwa, na kipande cha kamba kiko pale omo, kimechanuka, hakuna aliyekitazama.

Pia kuna jambo ambalo watu hawalitegemei. Mashua inaweza kutobolewa na nanga yake yenyewe. Maji yakipwa sana chombo kinakaa chini, na nanga ya makucha manne, hata ikishika vizuri, daima ina kucha moja linalotazama juu. Chombo kikishuka juu ya kucha hilo, ubao unapasuka. Mkiona chombo kinavuja mahali pamoja kila baada ya bamvua, msikimbilie kumlaumu fundi wa kalafati. Ulizeni nanga ilikuwa wapi maji yalipokauka.

CHINI KUNA NINI

Nanga yetu ya kawaida ni ile ya nondo nne zilizokunjwa na kuchomelewa. Ni rahisi, kila fundi anaijua, na penye mawe inashika mpaka unajuta. Lakini mchangani ni hafifu, kwa sababu nondo ni nyembamba na inapita kwenye mchanga kama uma kwenye ugali mwepesi. Penye mchanga au tope panatakiwa kucha pana, bapa kama jembe. Fundi akichomelea kipande cha bamba la chuma kwenye kila kucha, kinachotosha kiganja cha mkono, mtaona tofauti siku hiyohiyo. Nondo nazo zitazameni. Ya milimita 10 kwa mashua yenye mashine inakunjuka kama waya.

Wapo wanaotumia jiwe au gunia la mchanga. Siwacheki, kwa mtumbwi mdogo na upepo mwanana linafaa. Lakini jueni kwamba jiwe likiingia majini linapoteza uzito. Zege la kilo 100, ndani ya maji ya chumvi linabaki kama kilo 57. Mawe ya matumbawe tunayojengea huku kwetu ni mepesi zaidi ya hapo. Chuma cha kilo 100 kinabaki na kilo 87. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema, "Jiwe langu watu wawili hatulibebi," mwambie, wewe unalibeba nchi kavu, chombo kinalivuta majini.

Na tafadhali, tusitupe nanga juu ya matumbawe yaliyo hai. Sisemi hivi kwa sababu ya watalii. Pale ndipo samaki wanapozalia na kujificha, na kucha moja la nondo linavunja kilichochukua miaka mingi kukua. Wenzetu wa Kuruwitu waliotenga sehemu ya bahari yao na kuilinda wenyewe walipata Tuzo ya Equator ya Umoja wa Mataifa mwaka 2017, na mvuvi anayevua kandokando ya eneo hilo atakwambia mwenyewe kama kuna faida. Zaidi ya hayo, nanga ya matumbaweni hunasa, na mtu anapiga mbizi usiku kwenda kuinasua.

Kwa wale ambao lazima watie nanga penye mawe, kuna ufundi mmoja mzuri. Kamba usiifunge kwenye pete ya juu. Ifunge chini kabisa, pale makucha yanapokutana, kisha uipandishe sambamba na shina na kuibana kwenye pete kwa uzi mwembamba. Ikinasa, unasogeza chombo juu yake, unavuta kwa nguvu, uzi unakatika, nanga inatoka kinyumenyume. Lakini hiyo ni ya mchana mkiwa macho mnavua. Usiku msilale nayo, uzi ule unaweza kukatika wenyewe kwa mawimbi.

KAMBA NA MAHALI INAPOFUNGWA

Kamba nyingi madukani kwetu ni ile ya plastiki, ya buluu au ya kijani. Ina ubaya miwili. Kwanza inaelea. Maji yakipwa, kamba inaelea juu kama nyoka, na chombo kinachopita kinaikata kwa propela. Ile mita mbili ya mnyororo niliyoitaja, au jiwe, inasaidia hapa pia. Pili jua linaila. Ukiisugua mkononi ikaacha unga na vijiti vidogo vinavyochoma, hiyo imekwisha, hata kama bado ni nene. Kamba ya nailoni inazama na inanyumbuka kidogo wimbi likivuta, kwa hiyo ni bora kwa nanga, ila bei yake ni juu. Kikundi kikiweza kununua mita 30 za nailoni, basi iwe ya nanga tu. Isiazimwe kufungia mbuzi wala kuvutia mchanga kisimani.

Fundo nalo linaondoa nguvu za kamba, pengine karibu nusu. Kamba iliyounganishwa vipande vitatu kwa mafundo si kamba ya mita 20, ni matumaini ya mita 20.

Pale inapopita juu ya ubao wa omo, ivisheni kipande cha mpira wa maji au tyubu kuukuu ya baiskeli. Ni kazi ya dakika tano. Nami sijui kwa nini haifanywi.

Halafu mahali pa kufungia. Kamba ya nanga hufungwa omo, mbele ya chombo, kwenye nguzo au mti ulioshikana na mataruma. Nimeona imefungwa kwenye kibao cha kukalia. Nimeona imefungwa tezi, nyuma, kwa sababu mvuvi amekaa huko na hataki kusogea. Hili la tezi ni hatari ya maisha, wala si la kuchekea. Nyuma ndiko kuliko na uzito wa mashine na ndiko ubao ulikokuwa chini. Wimbi likija, chombo hakiwezi kuinuka kwa sababu kamba imekizuia, maji yanaingia, na kwenye maji mafupi wimbi linavunjika ghafla. Hapo mtu hapati muda wa kufungua fundo.

Namna ya kutia wengi mnaijua, nitaipitia haraka kwa ajili ya vijana. Elekeza omo penye upepo au mkondo. Shusha nanga polepole, usiitupe pamoja na kamba yote ikaanguka rundo moja juu yake. Ikigusa chini, acha chombo kirudi nyuma chenyewe huku ukitoa kamba kidogo kidogo. Kisha funga, na uhisi inakaza. Weka kiganja juu ya kamba mbele ya omo. Kamba ya nanga iliyoshika inavuta na kulegea taratibu. Ya nanga inayoburura inatetemeka na kurukaruka, utaihisi mkononi kama mkokoteni unaopita kwenye kokoto. Halafu chagua alama mbili nchi kavu zilizo kwenye mstari mmoja, mnazi na paa la nyumba nyuma yake kwa mfano. Zikiachana sana na upepo haujageuka, unasogea.

Kwenye mikoko na maji yasiyofika mita mbili, wengi hawatumii nanga bali mti. Wanachomeka upondo au mti wa mvinje kwenye tope na kufunga mtumbwi hapo. Ni njia nzuri na ya kimya, haishtui samaki. Inapokataa, sababu huwa ni moja kati ya mbili. Mti umeoza pale maji yanapogusana na hewa, kwa hiyo ukague hapo kwa kisu, si kwenye ncha. Au kamba imefungwa imara kwenye mti, maji yakapanda, mtumbwi ukaung'oa mti kama mhogo. Badala ya fundo la kukaza, weka kitanzi kipana kinachopanda na kushuka na maji, na mti uwe mrefu kuliko maji yaliyojaa.

Mahali vyombo vingi vinapolala kila siku, ni afadhali BMU yenu iweke maboya ya kudumu, kwa kuwa tangu kanuni za mwaka 2007 BMU ndizo zinazosimamia mambo ya ufuoni pamoja na idara ya uvuvi. Injini kuukuu ya lori au zege zito, mnyororo, na boya. Lakini boya la kudumu pia huua watu walioliamini. Mnyororo haulikii juu wala chini kabisa. Hulika pale unapoinuka na kulala mchangani kila wimbi. Kila bamvua maji yakipwa, mtu ashuke akaushike sehemu hiyo. Pete ikiwa imebaki nusu ya unene wake, ibadilisheni.

KAZI YA KIKUNDI

Sasa nifike kwenye upande wangu.

Mashine ikizimika mkiwa karibu na mlango wa mwamba, na upepo unawasukuma kwenye mawe, nanga ndiyo breki yenu. Ni dakika chache tu. Kama nanga iko chini ya nyavu, na kamba yake imeazimwa, mtakumbuka haya mazungumzo mkiwa mahali pabaya. Kwa hiyo nanga ikae omo, imefungwa kwenye kamba yake tayari, kila safari, na vijana wazoee kuitafuta gizani kwa mkono.

Kwenye rejista andikeni: nanga moja, uzito wake, aina yake. Kamba, pima ngapi, imenunuliwa lini. Mnyororo, mita ngapi. Kisha chagueni mtu wa kukagua mara mbili kwa mwezi, siku moja kabla ya mwezi kuandama na siku moja kabla ya kuwa mpevu, kwa maana bamvua haliji kwa siri. Mtu huyo si lazima awe mvuvi. Kuna kikundi ambacho mkaguzi wao ni mama karanga mmoja, mwanachama wa hisa kama wengine. Hapandi chomboni. Anakaa ufuoni, anaipitisha kamba yote mikononi mwake kutoka ncha hadi ncha, na akikuta palipolika anafunga kitambaa chekundu. Chombo hakitoki mpaka kitambaa kitolewe. Wanaume walinung'unika mwanzoni. Siku hizi wanamletea kamba kabla hajaiomba.

Kila mauzo tengeni kiasi kidogo cha kamba, kiandikwe peke yake, kisichanganywe na mafuta. Na kubalianeni sasa, mkiwa mnapatana, nani analipa chombo kikiharibika. Mlinzi aliyelala ana kosa lake. Lakini kama mkutano ulikataa kununua kamba ndefu, na muhtasari upo, basi mkutano ndio uliotia nanga ile. Mkopo wa mashua hauulizi nani alikuwa zamu. Kile kikundi nilichowasimulia kiliendelea kulipa mkopo mwezi baada ya mwezi wakati mashua iko juu ya magogo ikingoja mbao, na akina mama walirudi kununua samaki kwa tajiri.

Mzee pale nyuma amenyoosha mkono, nitampa nafasi sasa hivi. Nimeambiwa leo ni siku ya tatu baada ya mwezi mpevu, kwa hiyo maji bado yanapwa sana. Baada ya chai tushuke sote ufuoni kabla hayajaanza kurudi. Kila kikundi kilete nanga yake na kamba yake kama zilivyo, bila kusafisha. Mweka hazina alete rejista, na kijana mmoja alete fimbo ndefu ya kupimia.